Italia Iliyoinama

Aba, 4 Februari 2018

Ugonma, binti wa dada yangu, mama yangu mdogo,

Nakusalimu wewe na vumbi lako la Abuja. Sisi huku wazima. Daa Ihuoma, mke wangu, anakusalimu. Goti la kushoto linamsumbua lakini mdomo haujambo, na akara zake, bajia zile za kunde, bado zinaisha kabla ya saa tatu asubuhi. Mama yako nilimwona kanisani, kanenepa kidogo, usimwambie nimesema. Binamu yako Nkemakolam kapata mtoto wa kiume, kafanana na babake kila kitu, masikini.

Utauliza kwa nini sipigi simu kama watu. Nyundo za miaka arobaini zimekula masikio yangu, na simu yenyewe anaishika mke wangu, ambaye kila ujumbe huusoma kwa sauti mbele ya wateja. Kwa hiyo barua hii anakuletea Onyekwere, dereva wa basi, pamoja na ndara nilizokushonea mwenyewe. Halafu niambie: siku ya usaili wako wa kazi ulivaa viatu gani? Nilikutumia jozi nyeusi, hukusema kama zilikutosha. Hii ni mara ya tatu nauliza.

Sasa neno lenyewe. Serikali inatafuta buti jozi elfu nne za walinzi wa misitu, na safari hii imetoa sharti: asilimia sabini ya kila buti iwe ya hapa nyumbani, la sivyo usijisumbue kuleta zabuni. Karakana tisa za mtaa wetu tumeungana, na mimi nimechaguliwa kiongozi kwa sababu ndiye pekee mwenye meza yenye droo. Lakini mama, hii kwangu si mchezo. Mzee Akalonu, yule wa makontena ya viatu vya plastiki, ameshamwendea mwenye nyumba anataka chumba changu kiwe ghala lake. Nikiikosa kazi hii, ikifika Julai ninakunja kiti, na pale nilipokaa miaka thelathini na tisa watapanga maboksi.

Nasikia ofisi yenu ndiyo inayopima. Siombi upendeleo, Mungu apishe mbali. Nauliza tu, kama mtu anavyouliza habari za mvua: hao wapimaji wanapenda nini?

Ni mimi mjomba wako mwenye vidole vya gundi,
Okwudiri Nwaogu


Abuja, 13 Februari 2018

Dede Okwudiri, mjomba wangu,

Nakuamkia, na Daa Ihuoma pia, na goti lake. Mimi mzima. Mwenye nyumba wangu kaongeza paka wa tatu, maji yanatoka siku mbili kwa wiki, na kabla hujauliza, hapana, sijapata mchumba. Mtoto wa Nkemakolam nimefurahi, na kwa huko kufanana na babake nitamwombea.

Siku ileile niliyopata barua yako nilikwenda kwa mkuu wangu nikaandika kwamba wewe ni kaka wa mama yangu. Kwa hiyo jalada lako sitaligusa, sitalifungua, hata likiwa mezani nitapita mlango wa nyuma. Usinune, Dede. Nitakuambia yale ninayomwambia kila mtu anayesimama dirishani petu. Kuna fomu. Unaandika buti limetengenezwa na nini, kila kitu kimetoka wapi, na kila kimoja ni asilimia ngapi ya thamani yake. Kazi ya mikono inahesabiwa. Uongo nao unahesabiwa, ila unahesabiwa dhidi yako.

Kuhusu ndara. Ni nzuri mno, nilizivaa kazini kesho yake. Mchana nikazivua chini ya meza, mkuu wangu akaokota moja, akaisogeza dirishani na kusoma ndani: imetengenezwa Italia. Kwa herufi za dhahabu, zimelala upande kama kofia ya mlevi. Ofisi nzima ikaja kutazama. Ofisi ya kupima vya nyumbani, Dede, na mimi mguuni nina Italia iliyoshuka jana yake kwenye basi la Aba.

Sasa nakuomba kama ninavyomwomba Mungu. Zile sampuli mtakazoleta, mhuri huo usizikaribie. Niambie umeuweka wapi.

Mpwa wako anayekupenda,
Ugonma


Aba, 9 Machi 2018

Mama Ugonma,

Tunakusalimu wote. Barua yako imenifikia juzi. Onyekwere aliichomeka juu ya kile kibao cha kuzuia jua, basi likamfia Lokoja, yeye akapanda gari jingine akarudi, barua ikabaki kule inapunga upepo. Nimemwambia mbele ya abiria wake kwamba hata konokono angeifikisha. Kanuna, lakini nauli kanipunguzia.

Fomu nimejaza mwenyewe, na nadhani itawafurahisha. Ngozi ni ya Kano, asilimia arobaini. Soli tunaziyeyusha na kuzimimina hapahapa, ishirini na tano. Uzi na gundi, kumi. Mikono yetu, thelathini. Akara za Daa Ihuoma, ambazo bila hizo hakuna fundi anayeinua nyundo, saba. Jumla mia moja na kumi na mbili. Wametaka sabini, tumewapa na nyongeza.

Sampuli, jozi sita, zimeshaondoka tarehe mosi. Ungeziona ungelia. Mshono umenyooka, kisigino hakitikisiki, ngozi unajiona uso.

Kuhusu lile swali lako la mhuri, goti la Daa Ihuoma linaendelea vizuri sana.

Viatu vya usaili je?

Mjomba wako,
Okwudiri


Abuja, 20 Machi 2018

Dede,

Salamu kwenu nyote. Nimempa barua hii dereva mwingine.

Hakuna kitu kinachotengenezwa nyumbani kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. Hata mimi mwenyewe sifiki, nywele zangu nusu ni za kununua. Andika fomu upya, uitume mapema, toa akara, na vile vijiduara vya chuma vya kupitishia kamba uandike vinakotoka. Usiniambie Aba. Nimekulia hapo, nilikuwa navimwaga mwenyewe kutoka kwenye pakiti zenye maandishi ya Kichina.

Goti nimelifurahia. Sasa mhuri.

Kuhusu viatu vya usaili, huku mawingu yameanza kutanda.

Ugonma


Aba, 28 Aprili 2018

Ugonma, mama,

Huku mvua imeanza, paa linavuja palepale pa mwaka jana. Mtoto wa Nkemakolam kaota jino. Mama yako anasema humpigii. Mzee Akalonu alipita jana na futi kamba, akapima ukuta wangu huku mimi nimekaa ndani, akaniambia niinue miguu kidogo.

Nimekaa na kalamu siku tatu kabla ya kuandika haya. Ofisi imejibu. Fomu mpya waliipokea vizuri, akara nilitoa. Lakini buti zenyewe zimekataliwa. Wameandika: bidhaa ya nje, kiwango cha nyumbani sifuri. Sifuri, mama. Sikuwahi kupata sifuri hata darasa la pili.

Barua yako ya Februari ilipofika, sampuli zilikuwa zimekwenda na mhuri ndani, zote kumi na mbili, mguu kwa mguu. Sikudhamiria. Kiatu kikikauka mkono wangu wa kulia unauendea mhuri, jinsi mkono wako unavyoendea swichi ukiingia chumbani. Sasa wanadhani nimenunua buti za Wazungu nikazileta kama zangu, maana wapo waliofanya hivyo mwaka jana. Nikaandika kupinga. Wakajibu kwamba watakuja watu watatu, tarehe ishirini na tatu Mei, wanione nikishona buti moja mwanzo hadi mwisho.

Hujawahi kuniuliza kwa nini Italia, na sijawahi kumwambia mtu isipokuwa Daa Ihuoma. Jozi yangu ya kwanza, mwaka sabini na tisa, niliipiga ABA kwa herufi kubwa. Aliinunua mwalimu aliyekuwa anaoa Jumamosi. Ijumaa akairudisha, akasema mbele ya watu kwamba viatu vya Aba vitamyeyukia madhabahuni. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula. Jioni ile nikabandua ngozi ya ndani, nikaweka mpya, nikaazima mhuri wa jirani, nikaviweka mezani. Asubuhi mwalimu yuleyule akapita, akavivaa, akasema hivi sasa ndivyo viatu, akalipa mara mbili. Kaoa navyo. Nilienda harusini nikaviangalia wakati wote wa misa.

Tangu siku hiyo sijaweka jina langu kwenye kiatu.

Okwudiri


Abuja, 6 Mei 2018

Dede wangu,

Mama nimempigia. Jino la mtoto nimeona picha, na huku wazima, paka wamefika wanne. Barua yako nimeisoma ngazini, sikuweza kungoja kufika chumbani. Mwalimu yule alaaniwe, na Mzee Akalonu naye, yeye na futi kamba yake.

Sasa ngoja na mimi nikuambie langu, kwa sababu umeniuliza hadi nimeishiwa mawingu ya kujifichia.

Siku ya usaili sikuvaa viatu vyako. Niliona aibu. Nilidhani wakinitazama miguu watajua nimetoka kwenye vibanda vya gundi. Jozi yako nyeusi nilimpa jirani, nikaenda duka la vioo hapa Wuse, nikanunua za Italia halisi kwa naira elfu thelathini na nane, pesa ya kula ya mwezi mzima. Nikapata kazi. Nikajiambia ni viatu.

Nilipomaliza barua yako niliviburuta kutoka chini ya kitanda. Mhuri ndani ni wa dhahabu, na umelala upande, kama kofia ya mlevi. Dede, wewe uliwauzia kwa bei gani? Usinijibu, nitalia. Na ile jozi ya jirani bado anaivaa kila siku, hata soli haijabadilishwa.

Nisamehe. Nimeona vibaya kuliko ninavyojua kuandika.

Kuhusu hao wakaguzi sijui lolote na sitaki kujua. Lakini kama mpwa wako nakuambia: siku hiyo mhuri ule ufunge kwenye kitambaa, kitambaa kwenye mfuko, mfuko chini ya sinia la Daa Ihuoma, na Daa Ihuoma aukalie.

Ugonma


Aba, 25 Mei 2018

Mama Ugonma,

Salamu kwako na paka zako. Viatu vile vya duka niliuza elfu sita, na mnunuzi alinililia hali ngumu hadi nikampunguzia mia tano. Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Ila hizo elfu thelathini na nane nazo zimeniuma kama zangu.

Walikuja. Mwanamke mmoja wa Kano, Hajia Rabi, na vijana wawili wa kuandika. Hajia huyo hacheki. Alikataa soda. Alikataa kiti kizuri, akakaa kwenye benchi la mafundi, akatoa mkobani buti moja kati ya zile sampuli zangu, akaliweka magotini. Daa Ihuoma alipomletea akara alikula sita, akalipa sita, akadai chenji.

Mhuri nilikuwa nimeuficha kama ulivyosema, neno kwa neno, ila Daa Ihuoma sikumwambia aukalie. Nikaanza saa mbili. Nikakata ngozi, nikaunga, nikavuta juu ya kalibu, ule mguu wa mti, nikapiga misumari, nikashona soli kwa mkono maana umeme ulikatika. Mtaa wote ulikuwa mlangoni, hata Mzee Akalonu. Nilishona vizuri, mama. Sijashona vile tangu nina miaka thelathini. Kuna mahali nilisahau kabisa kwamba natazamwa.

Sasa ujue kwamba Daa Ihuoma, kwa kuona aibu ya wageni, alikuwa amefagia karakana alfajiri. Akakuta mfuko chini ya sinia lake. Akajisemea mumewe kazeeka, anaweka vyombo kwenye akara. Akautoa mhuri, akaufuta, akauweka mahali pake pa siku zote, upande wangu wa kulia, karibu na jiko la mkaa.

Buti likaisha. Likang'aa. Nikasikia watu wanapumua. Na mkono wangu, Ugonma, huu mkono wa kulia ambao nimeulisha miaka sitini na mitatu, ukanyooka wenyewe, ukachukua mhuri, ukaupasha moto, ukapiga. Italia. Mbele ya Hajia Rabi.

Kijana mmoja akadondosha kalamu. Hajia akaniomba buti, akalishika mkono mmoja na ile sampuli mkono mwingine, akaenda nazo mlangoni kwenye mwanga, akazigeuza ndani nje. Akaandika, akaandika, ukurasa mzima na nyuma yake. Akafunga daftari. Akaniambia, "Asante, fundi. Akara zilikuwa nzuri." Wakaondoka.

Nimeanza kufungasha. Kiti nitampa Nkemakolam, kalibu nitabaki nazo. Daa Ihuoma hali chakula, analia anasema ni kosa lake, nami sina nguvu ya kumbembeleza kwa sababu na mimi nalia.

Okwudiri


Abuja, 19 Juni 2018

Dede,

Usifungashe. Kama umeshafungasha, fungua. Leo sina salamu za mtu yeyote, nitazituma wiki ijayo.

Jalada limefungwa, uamuzi umebandikwa ukutani ambapo kila mtu anasoma, kwa hiyo na mimi nimesoma. Nimesoma mara nne. Mmeshinda. Asilimia themanini na moja, baada ya kutoa vijiduara na nusu ya gundi, ambayo nayo, Dede, si ya hapa, na ulijua.

Hajia Rabi kaandika kwamba alama iliyo ndani ya sampuli imelala upande wa kushoto, na kwamba fundi ana dole gumba lisilokunjika, ndiyo maana mhuri wake haukai sawa. Kwamba buti lililoshonwa mbele yake limepigwa alama ileile, kwa mlalo uleule, na mkono uleule. Halafu kuna sentensi moja ambayo mkuu wangu ameisoma kwa sauti ofisini na watu wakapiga meza. Nimeinakili kama ilivyo: "Mkaguzi ameshuhudia kwa macho yake Italia ikitengenezwa Aba, saa nane na dakika arobaini mchana." Bila lile kosa, anasema, angethibitisha tu kwamba unajua kushona. Asingethibitisha kwamba zile sita ni zako.

Mwambie Daa Ihuoma ale. Mwambie ameokoa karakana tisa kwa ufagio.

Kuna sharti moja. Katika zile jozi elfu nne isionekane Italia hata moja. Lazima kila buti liandikwe jina la aliyelitengeneza na mahali. Nimemtafuta mchonga mihuri wa hapa, mtu wa Nnewi, shaba yake ni ya hapahapa, nimeuliza mara mbili. Mhuri mpya umo ndani ya kifurushi. Umeandikwa NWAOGU, ABA. Ukiuona usianze kuniambia mambo ya mwalimu. Upige tu.

Naupenda mkono wako wa kulia.

Ugonma


Aba, 2 Novemba 2018

Ugonma, mama yangu mdogo,

Nakusalimu, na paka zako, na huyo Bwana Chidubem uliyemtaja mara moja tu mwishoni mwa barua ya Septemba, kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza. Nimemwona. Nitauliza mara tatu. Daa Ihuoma sasa anauza akara hata jioni, mafundi wameongezeka. Mtoto wa Nkemakolam anatembea, kwa bahati mbaya kama babake. Mzee Akalonu kapata ghala mtaa wa pili, juzi kaja kununua viatu vya kanisani, nikampima miguu kwa futi kamba huku nimesimama naye kaketi, nikamwambia ainue kidogo.

Buti zimekwisha, zote elfu nne, zilipakiwa Jumanne. Ile siku ya kwanza na mhuri wako nilikaa nao mkononi hadi chai ikapoa. Nilikuwa namwogopa mwalimu yule, naye alishakufa. Kisha nikapiga. Umelala upande, bila shaka. Dole gumba ni lilelile.

Lakini ninachokuandikia ni hiki. Jana nilipita vibanda vya nyuma ya soko, kule ambako sijulikani sana. Nikaona viatu vyeusi juu ya meza, soli mbovu, mshono unapepesuka. Nikavichukua nimcheke aliyevishona. Nikatazama ndani. Ugonma, vimeandikwa NWAOGU, ABA. Kwa dhahabu. Kijana mwenye meza, ambaye hanijui, akaniambia, "Mzee, hivyo ni Nwaogu halisi, si mchezo, tazama hata mhuri ulivyolala." Ana vidole kumi vizima, anaweza kupiga mhuri ukanyooka kama rula, na anauinamisha kwa makusudi.

Nilipaswa kukasirika. Daa Ihuoma anasema nimshitaki. Mimi nilimlipa bei yote aliyotaja, bila kuomba apunguze hata kobo, nikavivaa palepale. Vinanibana. Nimevivaa tangu jana.

Kesho narudi kwake kumfundisha kushona soli, maana kama jina ni langu, basi lisivuje.

Mjomba wako, anayechechemea kwa furaha,
Okwudiri Nwaogu, Aba